Nozeli Kwanza, Injini Baadaye

Hotuba kwa mafundi na wauza spea wa Arusha na Moshi. Imewekwa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Michoro iliyooneshwa ukutani haimo.

Wazee wangu, kaka na dada wa gereji, vijana mnaojifunza, na ninyi wauza spea mliofunga maduka asubuhi yote kwa ajili ya mkutano huu: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine mambo vipi.

Nimeombwa niseme juu ya turbo. Nimekubali, ila turbo yenyewe sitaigusa sana. Ina wasemaji wengi. Kila chalii wa Chuga anaujua mlio wake kabla hajajua kubadilisha plagi. Mimi nataka kusema juu ya vitu vinavyoilisha injini ikishafungwa turbo: nozeli zinazonyunyiza mafuta, pampu inayoyasukuma, regyuleta inayodhibiti presha yake, mabomba, na kontroli boksi inayoamua nozeli ifunguke kwa muda gani.

Hebu niwaulize. Mteja anakuja na Toyota Mark II yake ya GX110, anasema, "Fundi, toa hii injini ya 1G, nifungie 1JZ ya turbo." Swali lako la kwanza ni lipi? Nawaona mnacheka. Bajeti. La pili? Injini iko wapi. La tatu? Giaboksi. Sasa nyoosha mkono wewe uliyewahi kumuuliza mteja, kabla ya kupokea hata shilingi, ndani ya tangi lake kuna pampu gani.

Mikono mitatu. Na mmoja wa hao ananidanganya, namfahamu.

Tuanze na kwa nini jambo hili linaua injini. Turbo inaingiza hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke, na kwenye turbo huwa tunaiongeza kupita kipimo cha kuungua tu, kwa sababu ile ya ziada inapoza chumba cha moto. Ikipungua, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inayeyuka ukingoni au inavunjika kati ya ringi na ringi. Ubaya wake ni kwamba petroli ikianza kupungua kidogo, gari halikushtaki. Wakati mwingine linakimbia vizuri kuliko jana! Mteja anakupigia simu kukushukuru. Wiki ijayo anakupigia tena, na safari hii si shukrani.

Halafu sisi tunasemaje? "Mafuta mabaya." Ndugu zangu, petroli ya mji huu imesingiziwa mengi. Ni kweli kwamba Japani wanauza petroli ya kawaida na ile ya oktani ya juu, isiyogonga upesi, na injini zao nyingi za turbo zilitengenezewa ile ya juu. Kwa hiyo huku kwetu hatuna nafasi ya kuchezea. Lakini nikifungua injini nikakuta silinda moja imeungua na nyingine ni nzima, sisemi petroli. Petroli imetoka kwenye tangi moja. Silinda zote zimekunywa ileile.

Nataka tupige hesabu. Msiogope, ni ya simu tu. Injini ya petroli yenye turbo, ikikamuliwa mpaka mwisho, inakunywa takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila farasi mmoja. 1JZ-GTE ya Japani, yaani ile 1JZ ya turbo, imeandikwa farasi 280. Zidisha: kilo 75 na ushee kwa saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740, kwa hiyo hiyo ni kama lita 102 kwa saa, yaani cc 1,700 kwa dakika. Injini ina silinda sita. Gawa kwa sita unapata cc 283 kwa kila nozeli.

Je, tununue nozeli ya 283? Hapana! Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inarudia kazi yake kila baada ya milisekunde 20. Nozeli haiwezi kukaa wazi zaidi ya hizo 20, na ikikaa wazi muda wote haidhibitiki tena, inapata moto na kukwama. Mafundi wa huko na huko wamezoea kuishia asilimia 80 ya muda huo. Gawa 283 kwa 0.8, unapata cc 354. Na Toyota waliweka ngapi kwenye 1JZ-GTE? Takriban 380. Mnaona? Hawakubahatisha. Waliacha nafasi ndogo tu, na hiyo nafasi ndogo ndiyo vijana wetu wanaimaliza kwa kukaza busti, yaani presha ya turbo, jioni moja.

Sasa farasi haohao 280 uwatoe kwenye silinda nne, kama Subaru. 1,700 gawa kwa nne, gawa tena kwa 0.8. Inafika cc 531. Ndiyo maana fundi akiniambia "nozeli za turbo ni nozeli za turbo tu", namwomba akae chini kwanza. Nozeli za injini ya silinda sita ukizifunga kwenye injini ya silinda nne yenye nguvu ileile, umeikosesha theluthi moja ya chakula chake.

Na Subaru ina mtego mwingine. Injini za EJ20 za zamani za turbo zina nozeli zinazopokea mafuta ubavuni, nyingine za baadaye zinapokea kwa juu. Manifoldi inayogawia silinda hewa si moja, reli inayogawia nozeli mafuta si moja. Injini kwa nje utaapa ni ileile. Unaletewa injini bila manifoldi, unachukua manifoldi ya gari la zamani, unakuta nozeli ulizonunua haziingii, halafu anatokea mtu na grainda. Tafadhali. Grainda na reli ya mafuta havikutani.

Kuna kijana wa Ngaramtoni alileta 2JZ-GTE, injini nyingine ya Toyota ya turbo, ambayo ilikuwa inatoa moshi mweusi na kuwasha taa ya injini. Alikuwa ameambiwa zipo nozeli kubwa za kiwandani kabisa, za Toyota halisi, zinaingia bila kukata chochote. Ni kweli. 2JZ-GTE ya soko la Japani ina nozeli za cc 440, na ile iliyopelekwa Marekani ina za 550. Zote Toyota, zote zinaingia. Akaagiza za 550, akafunga, akawasha. Lakini kontroli boksi yake ni ya Japani. Inajua nozeli ni 440. Inafungua kwa muda uleule wa zamani, na kila ikifungua inamwaga robo zaidi. Plagi zikawa nyeusi, oili ikanuka petroli, kwa sababu petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kushuka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili.

Hilo lingerekebishika. Kilichouma zaidi ni umeme. Nozeli za Japani za injini ile zina ukinzani mkubwa, omu kumi na kitu. Zile za Marekani ni omu 2 hivi, na gari la Marekani lina risista maalumu za kupunguza mkondo. Volti 12 kwenye omu 14 haifiki hata ampea 1. Volti 12 kwenye omu 2 ni ampea 6. Kontroli boksi ya yule kijana ilikuwa inasukuma ampea ambazo haikuumbwa kuzisukuma, mpaka transista zake zikaanza kufa. Mita ya kupimia omu inauzwa bei gani hapa mjini? Bei ya chipsi mayai chache. Kontroli boksi je?

Kwa hiyo, kabla ya nozeli yoyote kuingia: pima omu. Soma namba. Linganisha umbo. Halafu uliza kontroli boksi inaijua nozeli hiyo au haiijui. Kama haiijui, ama unatafuta fundi wa kuiandika upya, ama unarudisha nozeli ya asili. Kufunga tu na kusubiri "itajifunza yenyewe" ni kumdanganya mteja. Inajirekebisha kidogo gari likiwa kwenye mwendo wa taratibu. Mguu ukikanyagwa mpaka chini, kontroli boksi nyingi za zamani haziisikilizi tena sensa ya eksozi. Zinafuata jedwali zilizopewa kiwandani.

Tuje kwenye presha, na hapa naomba msisinzie, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi nzuri zinapofia.

Injini nyingi za petroli zenye nozeli kwenye manifoldi zinafanya kazi na presha ya mafuta ya karibu bar 3. Lakini bar 3 dhidi ya nini? Nozeli inamwaga mafuta ndani ya manifoldi. Turbo ikijaza manifoldi kwa bar 1, ile hewa inasukuma kurudi. Ni kama unasukuma mlango na kuna mtu ndani anausukuma kwako. Ndiyo sababu regyuleta ya injini ya turbo ina mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Busti ikipanda bar 1, regyuleta inapandisha mafuta kutoka bar 3 hadi 4, na tofauti inabaki 3. Nozeli haijui kama kuna turbo.

Sasa magari mengi ya baadaye yasiyo na turbo hayana bomba la kurudisha mafuta. Regyuleta imo ndani ya tangi, pamoja na pampu, na haina mawasiliano yoyote na manifoldi. Inatoa presha moja mchana na usiku. Mtu anatoa injini, anafunga ya turbo, anaunganisha bomba moja la mafuta kwa sababu ndilo alilolikuta, na lile la pili la kurudisha analiziba kwa bolti. Nimeliona hilo bolti, jamani. Lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, na teflon juu.

Gari hilo lilikuja kutoka Moshi. Sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, ni ya kistaarabu, mwendo wa mjini hauna kasoro, kupanda Marangu linagonga kama mtu anatikisa njugu. Mwenyewe, mama mmoja mfanyabiashara, alikuwa ameshabadilishiwa plagi, koili, na sensa mbili. Tukafunga geji ya presha kwenye reli, tukatoka nalo. Sailensa: 3. Busti bar 1: bado 3. Tofauti imebaki 2. Na mtiririko wa nozeli unafuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo 2 kwa 3 inakupa kama asilimia 82. Amepoteza asilimia 18 ya petroli pale pale injini inapoihitaji kuliko wakati wowote. Hakuna plagi itakayotibu hilo. Tulirudisha bomba la pili hadi tangini, tukafunga regyuleta yenye mpira wa manifoldi, tukaondoa ile ya tangini. Mama alilipa, na kusema kweli alikuwa na haki ya kutulalamikia mafundi wote kwa jumla.

Geji ya presha ya mafuta, wangapi mnayo? Sisemi mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine inasoma kile ambacho sensa imesema, na magari mengi ya umri huo hayana sensa ya presha ya mafuta kabisa. Mashine itakuambia kila kitu kiko sawa huku pistoni inayeyuka.

Pampu sasa. Turudi kwenye GX110 yetu. 1G-FE yake ni farasi 160, haina turbo, inakunywa kama lita 50 kwa saa ikikimbia sana. 1JZ tumeshahesabu: 102. Zaidi ya mara mbili! Na pampu ya tangini ilichaguliwa kwa ajili ya 1G. Itawasha 1JZ, itaitembeza Sakina mpaka Njiro, na mteja atafurahi. Siku atakayolipita lori akiwa barabara ya Namanga ndiyo siku itakayokosa pumzi.

Mkinunua pampu, msisome namba kubwa ya kwenye boksi peke yake. "Lita 255 kwa saa", kwa presha gani? Kwa volti ngapi? Pampu yoyote hupunguza mtiririko presha inapopanda, na volti moja na nusu ikipotea njiani kwenye waya mwembamba wa miaka ishirini, imeondoka na sehemu kubwa ya zile lita. Pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe, injini ikinguruma. Ikiwa imeshuka mno, vuta waya mnene kutoka kwenye betri, weka relei na fyuzi, na ule waya wa zamani uutumie kuamsha relei tu. Toyota wenyewe kwenye baadhi ya magari yao ya turbo huendesha pampu kwa volti ndogo kwenye mwendo mdogo na kuiachia zote mguu ukikanyagwa. Ukichukua injini ukaacha kile kidude cha pampu kwenye gari la mtoaji, lile ilikotoka injini, usishangae.

Na usiende upande wa pili pia. Pampu kubwa mno kwenye bomba jembamba la kurudisha: mafuta yanashindwa kurudi, presha ya sailensa inapanda juu ya 3, gari linakunywa bila sababu. Kubwa si dawa.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo hutalipata kwenye video za Wajapani wala Wamarekani. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ina presha ya karibu bar 0.86. Dar es Salaam ni 1.01. Wastegeti ya springi tupu, ile vali inayozuia busti isizidi, haijui mji, inapima tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje. Ukiiweka bar 1, Arusha manifoldi inapata 1.86, Dar inapata 2.01. Ni hewa zaidi kwa karibu asilimia 8, na mteja hajagusa kitu. Sasa kama ulipimia gari hapa, barabara ya Kisongo, nozeli zikawa wazi asilimia 92 ya muda, ukasema "bado kidogo, zinatosha": ziko wapi zikifika usawa wa bahari? Zimekwisha. Fundi mmoja rafiki yangu aliletewa injini iliyogonga baada ya Segera, katikati ya joto, na mwenye gari anaapa kwamba nyumbani lilikuwa halina tatizo. Hakuwa anasema uongo. Nyumbani lilikuwa halina.

Kwa hiyo gari linalopimwa Arusha liachiwe nafasi ya pwani. Mimi hapa juu sipitishi 80, na wale wanaoniona mwoga wana haki yao.

Sasa ninyi wa magari ya utalii mmekaa mnasema haya ni ya vijana wa petroli. Subirini. Kwenye dizeli sheria inageuka. Petroli ikipungua inaunguza. Dizeli ikizidi inaunguza. Nasema tena kwa sababu nimeona mafundi wakubwa wakichanganya: petroli ikipungua, dizeli ikizidi.

1HZ na 1HD-T, injini za dizeli za Land Cruiser, zote ni cc 4,164, zote silinda sita, na kwa mbali ni mapacha. Lakini 1HZ inachomea kwenye chumba kidogo cha pembeni, mgandamizo wake ni 22 na kitu kwa 1. 1HD-T inanyunyizia moja kwa moja juu ya pistoni, mgandamizo 18.6. Nozeli zake hazihusiani kabisa na za 1HZ. Na pampu ya 1HD-T ina kile kichwa chenye daiframu juu yake, kinachopokea mpira wa busti: busti ikiwepo, mafuta yanaongezeka, busti isipokuwepo, mafuta yanabanwa. Pampu ya kawaida ya 1HZ haina.

Mwenye gari mmoja wa watalii alifunga turbo kwenye 1HZ, akaona haina nguvu, akamwambia fundi akaze skrubu ya mafuta. Nguvu ikaja, na Mto wa Mbu ilikuwa raha. Kisha wakapandisha kutoka lango la Loduare kwenda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, gari limejaa wageni na mizigo, gia ya chini, turbo bado haijajaza. Hewa imepungua. Mafuta hayajapungua, kwa sababu hakuna kitu kwenye pampu ile kinachojua kwamba hewa imepungua. Moshi mweusi mpaka gari la nyuma likawasha taa. Hedi ilipofunguliwa Arusha ilikuwa na nyufa.

Kama lazima ufunge turbo kwenye 1HZ, tafuta pampu yenye daiframu inayofaa injini hiyo, ipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na funga geji ya joto la eksozi kabla ya turbo. Yangu ikikaribia nyuzi 700 mlimani, naondoa mguu. Geji hiyo iwe mbele ya dereva, si kwenye droo ya bosi.

Wauza spea, nina ombi moja. Injini ikishushwa kutoka kwenye nusu gari, lile linaloletwa limekatwa kwa ajili ya spea, msiipasue vipande. Najua nozeli peke yake zinalipa, najua kontroli boksi inalipa. Lakini nozeli, reli, regyuleta, kontroli boksi, na pampu ya tangini vikikaa pamoja kwenye mfuko mmoja wenye namba ya gari la mtoaji, fundi atakulipa zaidi, na hatarudi Jumatatu na kelele. Na wewe fundi, ukiukuta mfuko huo usiombe punguzo la kipuuzi.

Mwisho ni mipira, na nitakuwa mfupi. Mpira wa kabureta hauingii kwenye injini ya nozeli. Mmoja unabeba presha ndogo sana, mwingine unabeba bar 4 juu ya eksozi ya turbo iliyoiva nyekundu. Soma maandishi ya ubavuni, nunua ule ulioandikwa ni wa injini za nozeli, tumia klipu za kuzunguka pande zote na si zile zenye meno yanayokata. Usiupitishe juu ya turbo hata kama ndiyo njia fupi. Badilisha filta. Kisha kabla ya kuwasha injini mara ya kwanza, washa swichi tu, pampu ijaze, zima, washa tena, na pitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo. Mtu mwingine asimame na mtungi wa kuzimia moto, na mtungi huo uwe umejazwa mwaka huu.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale nyuma mwenye ovaroli ya bluu, kisha mzee wa Majengo.